Mshauri wa chuo amekataa kuniambia habari za mwanangu

Swali: Dada, mimi nauza vitenge sokoni Arua. Mwanangu wa pili ana miaka 21, yuko mwaka wa pili chuo kikuu Kampala. Muhula uliopita hakufanya mitihani miwili na hakutuambia; tulisikia kwa binamu yake. Nikapanda basi la usiku. Msimamizi wa hosteli akaniambia kijana anakesha usiku na kulala mchana, na kwamba kila Jumatano huenda kwa mshauri nasaha wa chuo. Nikaenda kwa huyo mshauri. Alinikaribisha vizuri, akanipa maji, lakini akakataa hata kusema kama anamjua mwanangu. Mimi ndiye nalipa ada! Baba yake anasema kijana arudi nyumbani asomewe na shehe, maana maneno ya ofisini hayajaponya mtu. Mshauri huyu kazi yake ni nini hasa, na ana haki gani ya kunificha mtoto wangu? (Mama, Arua)

Jibu: Mama, pole sana. Nimesoma barua yako nikaliona lile basi: usiku kucha njiani, unavuka mto Nile pale Pakwach, unauvuka tena Karuma, hujalala, na mwisho wa yote unapewa glasi ya maji na kunyamaziwa. Ningekuwa wewe ningetoka pale nimefura. Nimefanya kazi ya ushauri nasaha vyuoni kwa miaka 19, na wazazi waliotoka ofisini kwangu wamefura ni wengi. Baadhi yao ni wazee wa kwetu Bombo, walionijua nikikimbia peku.

Jibu fupi ni kwamba mshauri alifanya sawasawa. Kwa sheria ya Uganda mtu wa miaka 18 ni mtu mzima, na mwanao ana 21. Ada unayolipa inamnunulia masomo. Mazungumzo yake hayamo kwenye risiti. Tena tuna sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data na faragha, nayo inaweka habari za afya ya mtu katika kundi linalolindwa kwa ukali zaidi. Hata kusema tu "ndiyo, huja hapa" ni kutoa siri. Aliyekosea, ukitaka kujua, ni yule msimamizi wa hosteli. Alikuonea huruma, naelewa, na pengine ulimshukuru. Lakini aliyekuambia wewe leo atamwambia jirani wa chumba kesho.

Hata hivyo mshauri huyo aliacha jambo moja bila kukueleza, na hapo namlaumu kidogo. Mdomo wake umefungwa, masikio hayajafungwa. Hawezi kukuambia lolote kuhusu mwanao, ila hakuna kinachomzuia kukusikiliza wewe. Ungeweza kukaa kwenye kile kiti ukasema: "Sikuulizi kama unamjua. Nakueleza tu habari za kijana wangu, endapo utakutana naye." Kisha ukamwaga yote: alivyokuwa zamani, kilichobadilika, lini, nani katika ukoo aliwahi kuugua hivi. Mshauri mzuri atatega sikio. Jua tu kwamba wengi wetu humwambia mwanafunzi, "Mama yako alikuja, alisema hivi na hivi," kwa sababu hatutaki kumzunguka. Basi usiseme pale neno ambalo hungetaka lifike kwake.

Nikueleze nilivyojifunza kunyamaza, maana darasani nilifundishwa na bado sikujua. Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika chuo ambacho sitakitaja, alianza kuja kijana wa uhandisi. Mara ya kwanza aliulizia fomu ya kuhama chumba, nikampa. Akarudi wiki ya pili akisema ile fomu imelowa mvua, nikampa nyingine. Mara ya tatu alikaa akaikunja fomu, akaikunja tena, mpaka ikawa kipande kidogo kama punje ya mahindi. Ndipo akasema hajaingia darasani tangu wiki ya 4, kwamba ada aliyotumiwa ilikwisha kwenye kubeti mpira, na kwamba simu ya baba yake ikiita mikono inamtetemeka. Tukaanza kazi. Alianza kulala usiku. Aliongea na ofisi ya fedha, tena mwenyewe.

Halafu baba yake akanipigia simu. Mtu wa adabu, sauti ya kuomba: "Binti yangu, nataka tu kujua kama yu mzima." Nikamwambia yu mzima, ni mambo ya pesa tu, tunayarekebisha. Maneno manane. Jumamosi yule mzee alifika na ami wawili wa kijana, wakasimama mlangoni mwa hosteli wakamtaka atoe hesabu ya ada mbele ya wenzake. Hakurudi kwangu tena. Siku moja tulikutana kwenye foleni ya kikomando, yaani chapati na maharage, akaniangalia, akaacha foleni na chapati zake hajapewa. Na kwa muhula mzima uliofuata, hakuna mwanafunzi hata mmoja kutoka hosteli ile aliyegonga mlango wangu. Wao kwa wao walikwisha kuambiana.

Siri yenyewe ina mipaka, na mwanafunzi huelezwa mipaka hiyo siku ya kwanza kabla hajafungua mdomo. Tukiona maisha yake au ya mtu mwingine yako hatarini, tukisikia mtoto mdogo anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru, tutasema, na tutasema kwa wanaohusika tu. Kwa hiyo kama mshauri angeona kijana yuko ukingoni, angetafuta ndugu wa karibu aliyeandikwa kwenye faili, na huenda ni wewe. Usiuchukue ukimya wake kuwa cheti cha uzima. Usiuchukue pia kuwa ni dharau.

Sasa, hiyo Jumatano hutokea nini? Nitakueleza chumba changu, kwani vyumba hivi vinafanana. Kuna viti viwili, kimoja karibu na mlango, na mwanafunzi ndiye anayechagua. Karibu wote huchagua cha mlangoni. Saa iko ukutani mahali tunapoiona wote wawili, maana tuna kama dakika 50. Nje kuna redio ndogo inayoongea chini chini, wanaosubiri wasisikie yanayosemwa ndani. Nauliza mambo madogo. Unalala saa ngapi? Jana ulikula nini? (Nikisikia "chapati" siku tatu mfululizo, najua kuna habari ya pesa hapo.) Ukipata tabu saa nane za usiku, unampigia nani? Unakunywa? Unabeti? Unadaiwa kwenye simu?

Wengi wetu pia hutumia karatasi ya maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, usingizi, chakula, kujiona huna thamani, na kadhalika. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ni 27, na mtu akifika 10 tunamtazama kwa makini zaidi. Swali la 9 linauliza wazi kama amewaza kwamba afadhali afe au ajidhuru. Karatasi hii haimpi mtu jina la ugonjwa. Faida yake kubwa kwangu ni kulinganisha: mwezi jana ulikuwa 17, leo 11, nini kilisaidia?

Mshauri hatoi dawa. Ikionekana dawa inahitajika, anampeleka mwanafunzi kwa daktari, kwenye zahanati ya chuo, hospitali ya Mulago, au ile ya akili ya Butabika. Najua jina hilo la mwisho linavyotisha. Hospitali ile ilifunguliwa 1955 na mpaka leo mtu akiudhiwa anamwambia mwenzake "nenda Butabika". Lakini nimewasindikiza wanafunzi kliniki ya nje asubuhi, wakaonana na daktari, na mchana wakawa darasani Makerere na Kyambogo bila mtu kujua. Sehemu kubwa ya kazi yetu wala haina drama. Ni kumsaidia mtu aandike barua kwa idara, apange ratiba ya kusoma ya siku tatu tu kwa sababu ya wiki nzima inamtisha, ajue namna ya kumwambia mama yake jambo. Ndiyo, na hilo tunalifanyia mazoezi. Nimeigiza kuwa mama mara nyingi kuliko nilivyowahi kuwa mama kwa wanangu.

Kuhusu kukesha na kulala mchana, siwezi kukuambia ni nini. Inaweza kuwa sonona, ambayo vijana wanaiita dipresheni. Inaweza kuwa wasiwasi mkali, pombe, bangi, simu, au kibarua cha usiku anachokificha ili asikuongezee mzigo. Anayekuambia anajua kwa kusikia tu, anakudanganya.

Nije kwa baba. Mwambie shemeji yangu kwamba hoja yake ina miaka mingi, na imejibiwa hapahapa Uganda. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, sehemu zilizokuwa zimefiwa sana kwa UKIMWI. Watafiti hawakuanza na dawa, wala na majina ya vitabuni. Kwanza waliwauliza wenyeji ni maradhi gani ya nafsi wanayaona, nao wakataja mawili kwa Kiganda: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia. Kisha watu wenye dalili hizo wakawekwa vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao, wakakutana wiki 16, dakika 90 kila mara. Waliowaongoza walikuwa wenyeji wasio madaktari, waliofunzwa wiki mbili. Kilichofanyika kwenye vikundi vile ni kuongea: msiba uliokwama kifuani, ugomvi usiokwisha, maisha yaliyogeuka ghafla. Mwishoni, katika vijiji vilivyokuwa na vikundi, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupewa vikundi walikuwa asilimia 54.7. Maneno tu, Baba Fulani.

Atasema pia, nadhani, kwamba zamani wanafunzi hawakuwa na maradhi haya. Walikuwa nayo. Profesa Allen German, aliyefundisha tiba ya akili Makerere, alichapisha na mwenzake utafiti kuhusu maradhi ya akili ya wanafunzi wa Uganda mwaka 1969. Wakati huo simu ya mkononi hata ndotoni haikuwepo.

Na shehe? Mimi ni Muislamu na nimelelewa na nyanya aliyenisomea kila homa. Sina ugomvi na dua. Kijana akitaka kusomewa, asomewe, na roho yake ikitulia tumshukuru Mungu. Ninachopinga ni mambo mawili: kumsomea bila ridhaa yake, na kumtoa chuoni kwa ajili hiyo. Hivi sasa ana mtu mmoja anayemfuata kwa miguu yake kila Jumatano bila kusukumwa. Mtu asiyeweza kuamka kwenda mtihani anaamka kwenda pale. Mkimng'oa, mnang'oa na hilo. Kama shehe wenu ni mwenye busara, na wengi ni hivyo, mueleze yote na umuulize kama anaona ubaya kijana kuendelea na mshauri huku naye akimuombea. Sijakutana na aliyejibu kwamba kuna ubaya.

Mnachoweza kufanya nyinyi wawili kutoka Arua ni kingi kuliko mnavyofikiri.

Kwanza, usimwambie kijana kwamba msimamizi alimtaja. Mwambie ulikwenda Kampala kwa sababu ya ile mitihani, ulikuwa na hofu, na ulijaribu kuonana na mshauri wa chuo usijue la kufanya. Ukweli huo unatosha. Baadaye, mkizoeana tena, muulize kama angependa wewe na mshauri mzungumze, na ni mambo gani yawe wazi na yapi yabaki yake. Akikubali, anaandika na kutia sahihi, na hapo mdomo wa mshauri unafunguka kwa kiasi alichoruhusu. Nimekaa vikao vya namna hiyo, mama upande huu, mtoto upande ule, mimi nikiwa sina kazi nyingine ila kuwapa zamu ya kuongea.

Pili, simu. Najua simu za wazazi zinavyoanza: umekula, umesoma, matokeo vipi. Kijana aliyekwama husikia hesabu ya madeni. Anza na habari zako. Mwambie vitenge gani vinatoka wiki hii, nani kaoa, mvua. Kisha sema jambo moja na ulisema mara moja: "Mitihani nimeisikia. Sikukasirikii. Ukiwa tayari, niambie, hata saa nane za usiku." Halafu rudi kwenye vitenge. Wanafunzi wangu wameniambia mara nyingi kwamba walichokiogopa kuliko ugonjwa wenyewe ni ile sentensi ya "na tulivyouza shamba kwa ajili yako". Kama mliuza kitu, anajua mliuza. Analala nacho.

Tatu, na hapa sitazunguka. Akianza kugawa vitu vyake, kuaga aga, kusema mtapumzika akiondoka, au akitulia ghafla baada ya wiki za giza, muulize wazi: "Mwanangu, unafikiria kujiua?" Watu wanaogopa kwamba swali litampa wazo. Halimpi, mara nyingi linampa nafasi ya kupumua. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake. Mpigie binamu yake afike chumbani, mpigie mshauri, na kijana apelekwe hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo. Akiwa Arua, hospitali ya rufaa ina kitengo cha akili, kama zilivyo nacho Gulu, Mbale na Mbarara. Sheria yetu ya jinai bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, jambo ninaloliona ni aibu kwetu, na familia nyingi huficha kwa kuogopa polisi. Msifiche. Mpelekeni kwa daktari.

Kama hamjaridhika na mshauri mwenyewe, yaani kijana akisema hasikilizwi au anahubiriwa, ana haki ya kuomba mwingine. Ninasema hivyo nikijua vyuo vyetu vina maelfu ya wanafunzi na washauri wa kuhesabu kwa vidole, na kwamba wiki mbili kabla ya mitihani mtu anaweza kusubiri benchi mpaka akate tamaa. Baadhi ya vyuo vina wanafunzi wenzao waliofunzwa kusikiliza. Hawatoshi kwa mambo mazito, lakini mara nyingi ndio wanaomfikisha mwenzao mlangoni kwetu.

Iliyobaki ni ile mitihani miwili, ambayo naona kwenye barua yako imekuwa kama kaburi wakati ni karatasi tu. Vyuo vingi vina utaratibu wa mtihani maalumu kwa aliyekosa kwa ugonjwa, na ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Mshauri au daktari anaweza kuandika barua, kijana akiruhusu, inayosema alikuwa chini ya uangalizi bila kutaja anaumwa nini. Kisichowezekana kwa mtihani maalumu huenda kwenye kurudia somo, ambalo Kampala nzima wanaliita riteki, na wahitimu waliowahi kufanya riteki ukiwakusanya wanajaza uwanja. Akiwa amechoka kabisa anaweza kuomba rasmi kusimamisha masomo kwa mwaka, nafasi yake ikabaki. Anayeondoka kimyakimya, au anayefuatwa na baba yake na begi, ndiye anayekuja kukuta jina halipo. Maombi haya yana siku za mwisho, kila chuo na zake, na muhula ukianza hauna subira: Makerere kwa mfano ni wiki 17, mbili za mwisho za mitihani. Kwa hiyo ukimpigia Jumapili, baada ya vitenge na mvua, muulize kama ameshapita ofisi ya idara. Akisema bado, muulize kama angependa binamu yake amsindikize Jumatatu. Na nauli ya boda mtumie wewe.